Masharti ya Kuchukua Mbwa Kituoni: Nani Anaonewa?

Malalamiko haya husikika sana Nairobi. Mtu ameamua kufuga mbwa, na badala ya kumnunua kwa wale wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara, ameona afadhali aende kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama. Akifika anaulizwa anaishi wapi, ua wake ukoje, mbwa atalala wapi, mchana atabaki na nani, mwenye nyumba ameruhusu? Anaambiwa kuna mtu atakayekuja kukagua nyumbani. Anaambiwa kuna ada. Halafu anaelezwa kwamba mbwa amehasiwa, na kama bado ni mdogo itabidi arudishwe ahasiwe umri ukifika, na hilo halina mjadala. Anaondoka ameudhika: mbwa koko wamejaa mitaani, wa bure, sasa hawa wanatuhoji kama tunaomba mkopo wa benki?

Hasira hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwemo majirani zangu, na kwa sehemu ina haki. Nitafika huko. Kwanza nataka upande wa kituo usikike, kwa sababu wanaoujua vizuri ni wale wanaojitolea humo, na wao huwa na kazi nyingi kuliko nafasi ya kujieleza.

Ada haihitaji maneno mengi. Mbwa wengi hufika kituoni wamejaa kupe, viroboto na minyoo. Wengine wana kidonda cha mnyororo shingoni, nyama imeanza kuufunika. Hutibiwa, huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na magonjwa kama parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hufanyiwa upasuaji wa kuhasiwa, na hulishwa kwa wiki au miezi hadi apatikane wa kuwachukua. Mwulize daktari wa mifugo aliye karibu nawe atakutoza kiasi gani kwa huduma hizo zote, kisha linganisha na ada uliyotajiwa. Mtoto wa mbwa wa kando ya barabara huuzwa kwa bei nafuu kwa kuwa gharama zote hizo zinamngojea mnunuzi, na mara nyingi parvo humwahi kabla hata hajalizoea jina lake.

Kuhasi ndiko kunakozua ubishi mkubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Wapo wanaosema ni ukatili, wapo wanaosema mbwa akihasiwa hawezi tena kulinda boma, na wapo wanaotaka jike lao lizae angalau mara moja. Hilo la ulinzi halina msingi. Mbwa aliyehasiwa hubweka na hulinda kama mwenzake, na dume hupunguza kupotea siku nzima akifuata majike. Hilo la kuzaa ndilo zito. Mbwa jike huanza kupata joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi 6 hadi 12. Mimba yake ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto watano watano, kituo kilichotoa jike mmoja bila kumhasi kimeongeza mbwa kumi mtaani kabla mwaka haujaisha, na majike kati ya hao kumi wataanza kuzaa mwaka unaofuata. Hakuna kijiji wala mtaa wenye nyumba za kuwatosha.

Wanaojitolea ndio huwaona wanaokosa nyumba. Asubuhi langoni kuna katoni ya mafuta ya kupikia, imefungwa kwa kamba ya manila, na ndani kuna watoto wa mbwa ambao macho yao hayajafunguka. Watoto wa umri huo wasio na mama hutaka maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Wala hawawezi kukojoa wenyewe. Lazima mtu awapanguse kwa pamba yenye maji ya vuguvugu baada ya kila mlo, kazi ambayo mama yao angeifanya kwa ulimi. Mtu mwenye ajira yake na watoto wake huwabeba akaenda nao nyumbani, akatega saa ya simu usiku kucha, na wengi wao hufa hata hivyo. Walio hai wanahitaji banda. Banda likijaa, hubaki maamuzi mawili: kuwakatalia wanaoletwa kesho, au kuwaua kwa sindano baadhi ya waliopo. Anayelalamikia sharti la kuhasi angefaa ajue kwamba uamuzi huo huangukia watu waliokuja kusaidia kwa mapenzi yao.

Wapo pia wanaouliza kwa nini fedha ziende kwa mbwa ilhali kuna watoto wanaolala njaa. Ni swali la haki, nami silipuuzi. Ila kuhusu kichaa cha mbwa, mambo hayo mawili hayatengani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana hakuna tiba. Kenya ilizindua mpango wake wa kuutokomeza mwaka 2014, lengo likiwa 2030, na mhimili wa mpango wowote wa namna hii ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Nambari hiyo hutajwa kila mara bila kuelezwa. Mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa wasiofika wawili. Kwa kuangalia hilo peke yake, ungedhani kuchanja nusu ya mbwa kungetosha. Lakini idadi ya mbwa haitulii. Waliochanjwa hufa, wengi wakiwa bado vijana, na mahali pao huzaliwa wengine wasio na kinga yoyote, kwa hiyo kinga ya mtaa mzima hushuka mwezi baada ya mwezi. Ukianza na asilimia 70, unabaki juu ya mstari wa hatari, ambao chini yake ugonjwa huanza kuenea, mpaka kampeni ya mwaka unaofuata. Ukianza na 40, huufikii mwisho wa mwaka. Kila katoni inayoachwa langoni, na kila uzao unaobaki vichakani bila mtu kuujua, hupunguza asilimia hiyo.

Isieleweke kwamba kuhasi kunaondoa kichaa. Chanjo ndiyo inayokiondoa, na Pemba ni ushahidi. Kati ya 2010 na 2014 mbwa wa kisiwa kizima walichanjwa mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Chanjo ikalegezwa. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena kutoka nje, mara mbili, na kichaa kikarudi. Chanjo ikarejeshwa kisiwani kote, na Oktoba 2018 kikazimwa tena. Wale wanaodhani njia ya mkato ni kuwaua mbwa wa mitaani kwa sumu au risasi, kama serikali za mitaa zilivyozoea kufanya, watazame kisiwa cha Flores nchini Indonesia. Kichaa kilipoingia huko 1997, mbwa waliuawa kwa wingi, nacho kichaa kikabaki. Watu walileta mbwa wengine kujaza nafasi, na waliochanjwa waliuawa pamoja na wasiochanjwa.

Sasa mtazame mbwa anayetoka kituoni. Amechanjwa, ana kadi, hatazaa, na kuna mtu aliyetia saini kuwa ni wake, ambaye anaweza kupigiwa simu chanjo ya mwaka ikifika. Kampeni za chanjo humhitaji mbwa wa namna hiyo kuliko wote, mwenye mtu wa kumshika siku daktari anapokuja. Maswali yote yale ya ua na mwenye nyumba yanatafuta kujua jambo moja, kama mbwa huyu atakuwa bado na mtu mwaka mmoja baadaye. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtelekeza mnyama na kumfunga kwa mnyororo mfupi au mzito kupita kiasi. Lakini kesi hufunguliwa mnyama akishaumia. Maswali ya kituo huja kabla.

Hata hivyo wanaolalamika wana jambo. Sharti la ua uliozungushwa ukuta na lango la chuma linafaa mitaa ya matajiri kama Karen na Runda. Ukilipeleka Kawangware au Rongai, umewafukuza watu wengi ambao wangemtunza mbwa vizuri: mama mwenye kibanda cha mboga anayetaka mbwa wa kumlinda akilala sokoni, mlinzi wa usiku, familia yenye boma la michongoma. Kuna pia mbwa asiye na mwenyewe mmoja, anayelishwa na mwenye bucha, fundi viatu na watoto wa ploti, anayejulikana kwa jina na kila mtu. Fomu haina mahali pa kumwandika. Maswali yanayofaa, kwa maoni yangu, ni haya: atakula nini, maji atayapata wapi, jua likiwaka atakaa kivulini wapi, nani atampeleka kuchanjwa. Ukuta usiwe sharti la kwanza. Na fomu ziandikwe kwa Kiswahili, na anayekagua nyumba awe mtu wa mtaa huo, anayepiga hodi na kuketi akanywa chai, ili mwenye nyumba asijione anachunguzwa.

Pwani nako kuna familia ambazo hazitaingiza mbwa ndani kwa sababu ya najisi, na haifai kuwahukumu kwamba hazipendi wanyama. Paka wamejaa barazani mwao, wanakula vichwa vya samaki. Kwao kituo chenye busara kitazungumzia paka, au mbwa wa shamba mwenye banda lake nje.

Kuhusu kujitolea kwenyewe, wapo wanaodai ni mambo ya vijana kupigwa picha na watoto wa mbwa. Wachache wako hivyo, na huwa hawarudi. Anayerudi hupewa ndoo, dawa ya kuua vijidudu na ufagio. Mambo ya kwanza anayofundishwa ni kuushika ufagio chini, karibu na sakafu, kwa sababu akiuinua tu mbwa wengine hujibana kwenye kona na kujikojolea. Ufagio ndio waliopigwa nao. Atafundishwa kuingia bandani kwa ubavu, kutomkazia macho mbwa mwoga, na kuacha bakuli kisha aondoke. Baada ya wiki kadhaa mbwa huyo huja mwenyewe hadi mlangoni, na hapo ndipo anaweza kuonyeshwa kwa familia. Bila saa hizo za watu wasiolipwa, mbwa mwoga hachukuliwi na mtu, na anakalia nafasi ya wengine. Na bado vituo vinahitaji watu wa aina ambayo haiombwi mara nyingi: dereva mwenye pikapu Jumamosi moja, fundi wa kupiga plasta bandani, mwalimu wa kuwaeleza watoto kuwa jeraha la mbwa huoshwa kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau liko kwenye Katiba. Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 inazipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, na inataja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Haisemi kazi hiyo ni ya mashirika ya hisani kama KSPCA kule Karen, wala ya mama anayeamka saa nane usiku kunywesha watoto wa mbwa maziwa. Kaunti zingekuwa na vituo vyao na kulipia kuhasi, ada ingeshuka au ingeondoka kabisa, na kituo chenye nafasi kingeweza kulegeza masharti bila kuogopa katoni za kesho.

Kila mwaka kaunti huita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, na barabara, zahanati na karo ndizo huzungumzwa, kama inavyostahili. Jirani yangu aliyeudhiwa na ada na mama anayenyonyesha watoto wa mbwa kwa chupa wana dai moja kwa serikali ileile, na wangeweza kwenda kikao hicho pamoja: kifungu cha fedha cha chanjo ya mbwa kila mwaka, na siku maalumu za kuhasi bila malipo katika kila wadi.