Mti umeua bakteria maabarani. Kwa kipimo kipi?

Kila ikitangazwa kwamba gome fulani limeangusha bakteria sugu, waganga wa tiba asili na wanaowaunga mkono huona wamethibitishwa. Mtafiti anayeuliza "kwa mikrogramu ngapi?" huambiwa anadharau dawa za wazee, au anatumikia kampuni za dawa. Swali lake ni la hesabu tu, na hesabu yenyewe ni rahisi.

Tuseme dondoo la gome, yaani kile kinachobaki baada ya unga wake kulowekwa kwenye methanoli, kuchujwa na methanoli kuvukizwa, limezuia bakteria kwa mikrogramu 1,000 katika kila mililita. Kwenye kisima, yaani kitundu cha sahani ya maabara, cha mikrolita 200 hicho ni kiasi kidogo sana. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 40 za maji mwilini. Ili kila mililita ipate mikrogramu zile 1,000, zinahitajika gramu 40 za dondoo, nazo ziingie zote bila utumbo kuziacha wala ini kuzivunja. Gome kavu likitoa dondoo sehemu ya kumi ya uzito wake, hizo ni gramu 400 za unga. Kwa dozi moja! Saa chache baadaye figo zimekwisha kutoa sehemu yake, mgonjwa anywe tena. Hata ukihesabu damu peke yake, lita 5, bado unadai gramu 50 za unga, na hapo umejidanganya kwamba dawa haitoki kwenye mishipa.

Ndiyo sababu Victor Kuete wa Chuo Kikuu cha Dschang, Kameruni, alipendekeza mwaka 2010 kwamba dondoo liitwe lenye nguvu likizuia kwa chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, la wastani kati ya 100 na 625, na dhaifu zaidi ya hapo. Kemikali iliyokwisha kutengwa peke yake idaiwe chini ya 10. Mtu huyu amepima mimea ya kwao kwa miaka mingi. Kumwita adui wa miti shamba ni kichekesho.

Mizani hiyohiyo ndiyo inayoupa mmea heshima unapostahili. Xylopia aethiopica na Piper capense, viungo vinavyotiwa kwenye mchuzi wa nah poh huko Kameruni, vilizuia seli za saratani ya damu kwa chini ya mikrogramu 10 kwa mililita. Rudia hesabu: lita 40 sasa zinahitaji miligramu 400 tu. Hapo pana jambo la kufuatilia. Bado lazima seli za kawaida zipimwe sambamba, kwa sababu sumu yoyote huua saratani kwenye sahani, jiki ikiwemo.

Waganga nao wana hoja. Wao huchemsha kwa maji, maabara huloweka kwa methanoli, kisha mganga anahukumiwa kwa dawa ambayo hakuitengeneza. Artemisinini, dawa ya malaria, ilikaribia kupotea kwa kosa la namna hiyo: moto uliharibu nguvu ya mmea, hadi mtafiti wa China Tu Youyou na wenzake walipotumia etha kwa joto la chini mwaka 1971, baada ya kusoma maandishi ya kale yaliyoagiza kuloweka na kukamua. Tena zipo kemikali ambazo hugeuka dawa zikishafika mwilini, na sahani haina ini. Hoja hizi zinadai vipimo bora zaidi. Haziifuti hesabu ya gramu 400.

Vipimo vyenyewe vina mitego. DMSO, kimiminika kinachoyeyushia dondoo, ikizidi, yenyewe huua bakteria. Rangi ya INT hugeuka waridi palipo na bakteria hai, lakini baadhi ya mimea huigeuza bila bakteria hata mmoja, kwa hiyo kisima cha dondoo pekee hakikwepeki. Vikaratasi vyenye dondoo vikiwekwa juu ya aga, rojo la kukuzia bakteria, huzionea kemikali zenye mafuta: kemikali isiyosambaa kwenye maji huacha duara dogo lisilo na bakteria hata kama ni kali. Na anayepima bakteria wa Staphylococcus wa kawaida wa maabara peke yake hajagusa usugu. Apime pia bakteria wa E. coli na Pseudomonas wenye pampu zinazotapika dawa nje ya seli, kama AcrAB-TolC na MexAB-OprM.

Kwenye pampu hizo dondoo dhaifu hupata kazi nyingine. Lichanganye na antibayotiki kwa nusu au moja ya tano ya kiwango chake cha kuzuia, kisha uangalie kama antibayotiki sasa inahitajika mara nne pungufu. Ikiwa hivyo, huenda mmea umeziba pampu. Majaribio ya aina hii yanastahili fedha zaidi kuliko orodha nyingine ya majani hamsini.

Kidonda cha ngozi nacho hakihitaji lita 40. Marhamu yenye dondoo asilimia 5 ina miligramu 50 katika kila gramu, mara hamsini ya kile kilichozuia bakteria kwenye kisima. Gome lililoshindwa kama dawa ya kunywa linaweza kufaa hapo, ila lipimwe kwanza pamoja na usaha, kwa kuwa tanini hung'ang'ania protini na kuishiwa nguvu kabla ya kumfikia bakteria.