Sully Prudhomme Apimwe kwa Mashairi Yake

Sully Prudhomme hukumbukwa kwa jambo moja tu, kwamba mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na anayelitaja jina lake hakawii kuongeza kwamba tuzo hiyo ilimstahili Leo Tolstoy, mwandishi wa riwaya wa Urusi. Lawama hizo zilianza wakati ule ule, kwani waandishi na wasanii 42 wa Sweden walimwandikia Tolstoy kumweleza masikitiko yao. Naona mshairi huyu wa Ufaransa ameonewa. Kwanza, Tolstoy hakuwa miongoni mwa waliopendekezwa mwaka huo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, tumemhukumu kwa tuzo tukaacha kuyasikiliza mashairi yake.

Alizaliwa Paris mwaka 1839, akasomea uhandisi hadi maradhi ya macho yakamkatiza, kisha akafanya kazi kwa muda katika viwanda vya chuma vya Le Creusot. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1865, na mwaka 1881 alichaguliwa kuingia Académie française, baraza la Ufaransa linalosimamia lugha ya Kifaransa. Tungo zake ndefu za kifalsafa, kama vile La Justice na Le Bonheur, kwa kweli zimechakaa. Mashairi yake mafupi hayajachakaa hata kidogo, na watunzi wa muziki walilijua hilo mapema: Henri Duparc alilitilia muziki Soupir, César Franck akalichukua Le Vase brisé, na Gabriel Fauré akayarudia mashairi yake zaidi ya mara moja.

Chukua Les Berceaux (yaani vitanda vya kubembezea watoto), shairi lake ambalo Fauré alilifanya wimbo mwaka 1879. Shairi lina beti tatu tu za mistari minne minne. Merikebu kubwa zimetia gati, zinayumbishwa na mawimbi kimyakimya, wala hazina habari na vitanda vya watoto wachanga vinavyobembezwa kwa mikono ya wanawake. Siku ya kuagana inafika, wanawake hawana budi kulia, na wanaume wanaivamia mipaka ya bahari inayowahadaa. Lakini merikebu, zikiiacha bandari inayozidi kuwa ndogo, zinahisi uzito wake ukivutwa nyuma na roho ya vile vitanda vya mbali. Piano ya Fauré inayumba kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwendo huo ni wa merikebu na wa kitanda kwa pamoja, ilhali sauti ya mwimbaji hupanda kileleni pale hasa wanaume wanapohadaiwa na upeo wa macho. Muziki haukulipamba shairi. Ulilisoma kwa makini kuliko wahakiki wengi.

Sisi tuliozoea shairi liimbwe hatuna sababu ya kuona kwamba mshairi anayedumu katika nyimbo amedumu nusunusu. Sehemu kubwa ya fedha za Nobel aliitoa ili ianzishwe tuzo ya washairi chipukizi, na ningependa wanaosimulia historia ya mwaka 1901 wayataje hayo, pamoja na Les Berceaux, kabla ya kuanza kumtaja Tolstoy.