FERI: usitume salio la malipo kabla ya kuiona namba

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeagiza vigae Foshan, China, anaijua bei ya mzigo wake mpaka senti ya mwisho. Muulize nani anashughulikia FERI, atakujibu: muuzaji. Muuzaji wala hana habari. Kwake biashara imekwisha kontena likishapanda meli.

FERI ni hati ya kielektroniki inayodaiwa na Kongo (DRC) kwa mzigo unaoingia nchini, uwe umepitia Matadi au umeshukia Dar es Salaam na kupandishwa lori kwenda Tunduma, Nakonde hadi Kasumbalesa. Inasimamiwa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya Kongo inayoshughulikia shehena. Namba yake inatakiwa ionekane kwenye B/L (hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli), na B/L hutolewa kule kule mzigo unakopakiwa. Usipoiomba mapema, utarudi kuibembeleza kampuni ya meli irekebishe, nayo haifanyi bure. Meli ikitia nanga kabla hujamaliza, storeji, yaani ada ya mzigo kukaa bandarini, nayo inaanza kuhesabika.

Serikali kutaka kujua kinachoingia, sina ugomvi nayo. Kinachoniudhi ni kuandika jambo lile lile mara tatu. Itazame fomu yenyewe: mpokeaji, namba ya kontena, uzito, thamani, nauli. Karibu vyote vimo kwenye B/L na ankara unazoambatisha, na forodha watavitaka tena. Uzito ukisomeka kilo 24,300 huku na 24,030 kule, vigae ni vile vile, lakini umeshajipatia kazi ya kuandikiana barua pepe na Foshan, wakala na kampuni ya meli. Na FERI haitakuambia lori limefika Mbeya au bado. Hiyo ni kazi ya lakiri ya kielektroniki ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) inayofungwa kwenye mzigo wa transiti.

Kongo imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kwa hiyo taarifa za manifesti (orodha ya mizigo) ya meli inayoshusha Dar es Salaam zingeweza kwenda moja kwa moja OGEFREM, mwagizaji akabaki na kuhakiki na kulipia.

Kwa sasa, silaha yako ni salio. Wauzaji wengi wa China hupokea sehemu ya fedha mwanzoni, iliyobaki kabla ya kuachia B/L. Usiitume mpaka uone rasimu ya B/L ina namba ya FERI, na jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye usajili wa biashara. Muuzaji akisema ataiongeza namba baadaye, mwambie na wewe utalipa baadaye.