Mbwa wa Babu

Nikiwasikia wenzangu hapa Kisumu wakisimulia utamu wa utoto wa kijijini, wakiapa kwamba kwa babu zao kulikuwa na hadithi na ndizi mbivu tu, mimi hunyamaza, kwa sababu nililelewa Bunyala, kando ya Ziwa Viktoria, na mzee aliyewapenda bata mwitu sana na mjukuu wake kwa kiasi. Wawindaji wengine walikuwa na mbwa. Babu alisema kwamba mbwa anakula mno, kisha akanitazama mimi.

Tuliwaandama wale bata wenye uso mweupe wanaopiga miluzi, ambao hula usiku na huyapenda majaruba ya mpunga kuliko hata wenye mpunga wao. Jioni babu alitega tanzi za uzi wa nyavu, akizifunga kwenye vigingi vilivyozama majini, na alfajiri nilitumwa mimi kuzikagua, maji yakinifika kiunoni, huku yeye amesimama juu ya tuta, gambuti zake kavu kabisa, akinielekeza kwa kidole. Ruba waliponing'ang'ania mapajani nikalia, aliniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, ruba hunyonya damu mbaya," bila kunieleza ni kwa nini damu mbaya ya ukoo mzima ilikuwa imehifadhiwa kwangu.

Isitoshe, alijigamba kwamba aliweza kuwaita bata kwa mluzi. Alipiga mluzi, nao wakamwitikia kwa adabu kutoka kwenye mafunjo, kisha wakaruka wote kuelekea ziwani.

Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977, kabla sijazaliwa, lakini babu alishikilia kwamba marufuku hiyo iliwahusu ndovu. Ajabu ni kwamba tulipobahatika kupata bata, gunia nililibeba mimi, naye akatangulia mbali, mikono nyuma, akiwasalimu watu njiani kama mzee wa kanisa.

Nyumbani, bibi aliichemsha nyama hiyo ngumu hadi kuni zikaisha, na harufu ikawaleta majirani ambao mchana kutwa walikuwa hawajui njia ya kwetu. Ndipo ulipofika mgawo. Firigisi, kama ijulikanavyo kwetu, ni ya mwenye mji. Mapaja yalikwenda kwa wageni. Mimi niliyeingia majini nilipewa shingo na miguu, na mtu aliyewahi kutafuna mguu wa bata anajua kwamba pale hakuna kitu ila ngozi iliyotandazwa kati ya vidole. Nilipouliza, babu alifuta mdomo akasema, "Ukikua na wewe utakula firigisi."

Basi nimekua. Nina mji, nina mvi, nina kodi ya nyumba. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeharamisha hata uwindaji wa kutafuta kitoweo, nami siipingi, hasa nikiwakumbuka wale wanaowatilia ndege sumu ya wadudu huko huko kwetu kisha wakauza nyama. Kwa hiyo nimebaki na kuku wa dukani, aliyefungwa kwenye plastiki, ambaye ukimpasua ndani ni mtupu. Juzi nilimuuliza muuzaji kwa heshima zote firigisi ya kuku wangu imekwenda wapi, akanijibu bila hata kuinua uso: "Mzee, hizo zinauzwa kando, na zimeisha."