Kila mtu abebe mzigo wake, na ngata je?

Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa Mwanza, mwalimu wa kike alituomba mambo mawili. La kwanza, aanze vipindi vya afya ya uzazi kwa darasa la sita na la saba. La pili, Jumamosi darasa moja liachwe wazi ili vijana wa mtaani waliomaliza shule waje kufundishwa namna ya kuomba kazi. Kabla hajaketi, mzee mmoja akanyanyuka. "Wa kiume hawataki kujituma, wa kike hawataki kujizuia," alisema. "Sisi nani alitufundisha? Kila mtu abebe mzigo wake." Akapigiwa makofi. Mwalimu akasubiri yatulie, akajibu kwa adabu: "Mzigo wataubeba, mzee wangu. Ila ngata tumewapa?"

Kikao kikahamia kwenye mchango wa uji. Kwangu hoja ile haijaisha. Nina steshenari Buzuruga, na kwa kuwa karatasi za watu zinapita mikononi mwangu kutwa, nimeona ukweli wa mzee yule na nimeona unapoishia.

Nianze na haki yake. Jioni moja aliingia kijana na flashi. "Shikamoo mama, naomba unitolee kopi nne." Ilikuwa barua ya kuomba kazi ya stoo. Barua za watu huwa sizisomi, lakini macho hayana pazia, na mstari wa pili ulisema: "Mimi ni binti wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 23." Nikamwonyesha. Akajishika kichwa. Aliipata kwenye kundi la WhatsApp, akabadilisha jina na namba ya simu, basi. Alikuwa ameshaipeleka ofisi sita.

Hapo hakuna serikali wala mfumo wa kulaumu. Kuisoma barua yako mwenyewe hakuhitaji koneksheni. Namfahamu pia aliyeitwa kwenye usaili wa saa mbili asubuhi akafika saa nne, na wa tatu aliyeacha kibarua cha kupakia magunia ya dagaa mwaloni Kirumba kwa sababu ana diploma, mwaka wa pili sasa yuko kwa dada yake anakula na kulala. Tukimwambia kijana wa namna hii kwamba kosa lote ni la wakubwa, tunamnyang'anya kitu pekee kilichobaki mikononi mwake. Sitaki kushiriki katika hilo.

Lakini mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027. Gawa mwenyewe: karibu watu 85 kwa kiti kimoja. Hata wote wangeandika barua safi, wafike mapema wamenyoosha mashati, 84 wangerudi nyumbani. Na hapa kwetu, sangara walipopungua ziwani, viwanda vya minofu navyo vikapunguza watu. Kijana wa Igogo aliyekuwa akitegemea zamu ya kiwandani siye aliyevua sangara wa ziwa zima. Kujituma kunaweza kukusogeza mbele kwenye foleni, ila hakuongezi viti.

Kati ya barua mbovu na uhaba wa viti kuna eneo la tatu ambalo tunalipita haraka, nalo ni taarifa. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Nimechapa katiba za vikundi vingi vya kuomba mikopo hiyo, na bado kila wiki kuna kijana anayesikia habari zake kwa mara ya kwanza akiwa amesimama kaunta kwangu anasubiri kopi. Huyo naye tunamwita hajitumi?

Kuna mlango mmoja ambapo hoja zote mbili za mzee yule zinakutana, na huo ndio unaoniuma zaidi. Binti mmoja alikuja kuchapa CV, akakaa sana baada ya kulipa. Mwishowe akaniuliza, "Anti, usaili unaweza kufanyika saa moja jioni, lodji?" Mwajiri alikuwa amemtumia ujumbe na namba ya chumba. Hakuwa mtoto, alikuwa na cheti cha kidato cha nne na akili zake timamu. Ila hakujua kwamba jambo lile lina jina, rushwa ya ngono, kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja katika kifungu cha 25, wala kwamba TAKUKURU hupigiwa bure kwa namba 113. Kilichomfanya asite ni tumbo lake tu, lililomwambia hapa pana kitu. Asingesita, mtaa ungesema hakujizuia. Na alisita kwa gharama: kazi ile hakuipata, na kodi ya chumba ilikuwa inamsubiri vilevile.

Turudi darasani. Wanaopinga vipindi vya afya ya uzazi wana hofu moja kubwa, kwamba kumweleza mtoto ni kumfungulia njia. Wanaovitaka wana tumaini moja kubwa, kwamba akishajua atajikinga. Mkoa wetu una majibu, na yanazikwaza pande zote mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijiji vya Mwanza vilikuwa uwanja wa jaribio lililoitwa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 ziligawanywa nusu kwa nusu. Kumi zilipata mafunzo ya afya ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba, na wahudumu wa zahanati wakafundishwa kumpokea kijana bila kumkemea. Kumi zikaendelea kama kawaida. Vijana zaidi ya 9,000 wakafuatiliwa. Baada ya miaka mitatu, waliofundishwa walijua mengi zaidi kuhusu VVU, magonjwa ya zinaa na mimba. Mafunzo hayakuonekana kuwasukuma kwenye ngono, kwa hiyo ile hofu haikupata mashiko. Lakini vipimo havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU au mimba vimepungua kwa namna ya kuaminika, na watafiti waliporudi mwaka 2007 na 2008 walikuta hali ileile. Tumaini nalo likayumba.

Nilipoyasoma matokeo hayo nilisikitika, maana niko upande wa mwalimu. Nikajiuliza: binti wa miaka 14 anayejua kondomu ni nini, atafanya nini mbele ya mwanaume mzima anayemnunulia daftari na sabuni? Anayeamua pale si yeye. Mafunzo yalimfikia mtoto. Yule mwanaume hakuwa darasani, na baba na mama wa binti hawakuwa wamebadilika vya kutosha.

Lipo pia jaribio la kabla ya hilo, la Mwanza hiihii, lililochapishwa mwaka 1995. Zahanati za vijijini ziliongezewa dawa za magonjwa ya zinaa na wahudumu wakafundishwa kuyatibu vizuri. Maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika vijiji ambavyo havikupata huduma hiyo. Naliona jambo moja hapo. Mgonjwa bado alipaswa kuvunja aibu, atoke nyumbani, aende akaseme kinachomsumbua. Wajibu wake ulikuwepo. Ila alipofika, dawa nayo ilikuwepo. Vijana wetu mara nyingi tunawadai nusu ya kwanza, nusu ya pili tunaiacha bila mwenyewe.

Na katika suala la mabinti, sheria yenyewe haisemi anavyosema mzee yule. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanaume anayefanya ngono na msichana asiye mke wake aliye chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na miaka 30 jela. Maana yake mzigo uko kichwani kwa mtu mzima. Wakati huohuo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Na hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua, aliyekuwa akifukuzwa shule ni msichana. Mvulana wa dawati la nyuma, kama ndiye aliyehusika, aliendelea na mtihani. Baba mtu mzima aliendelea na biashara zake.

Kwa hiyo makofi ya siku ile siyaungi mkono, ingawa nusu ya maneno ya mzee nayakubali. Neno "wajibu" midomoni mwetu linateremka tu: kwa mdogo, kwa maskini, kwa binti. Sijawahi kusikia kikao kikiuliza ni mwajiri yupi ameshindwa kujizuia, au ni mzazi yupi hajajituma kuongea na mwanawe. Mwalimu apewe vipindi vyake, tena asiishie kwenye mifupa ya nyonga na hedhi, wavulana wakae darasa lilelile, na sisi wazazi tuitwe Jumamosi moja moja tusikie kinachosemwa. Na darasa la kuomba kazi nitakwenda mwenyewe. Kufundisha mtu kusoma barua yake kabla ya kuifunga kwenye bahasha ni kazi ya nusu saa.

Nyumbani nilianza wiki ileile. Nikamwita mwanangu wa kiume, ana miaka 14, tukakaa nje kwenye mkeka nikaanza kumweleza habari za mwili wake, za ridhaa, za mwenzake anaposema hapana. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Mama, mbona dada ulimwambia alipokuwa na miaka 11?"

Nilimwomba radhi. Tukaendelea mpaka mbu walipotufukuza.