Kosa la Creon lilikuwa wapi?

Kila inapotajwa Antigone, tanzia ya Sophocles iliyochezwa Athens yapata mwaka 441 K.K., hukumu huwa imeshatolewa kabla mashahidi hawajaitwa. Binti anasimamia sheria ya miungu na mfalme anasimamia sheria ya dola. Binti ana haki, mfalme ni dhalimu. Mgawanyo huo ni mwepesi kufundisha, lakini hauelezi kwa nini mtunzi alimpa mfalme hotuba nzito kuliko zote kuhusu uongozi wa mji, wala kwa nini raia wa Athens waliokuwa wakisikiliza hawakuwa na sababu kubwa ya kushtuka aliposema kwamba mhaini hatazikwa.

Kisa chenyewe ni cha siku moja. Polyneices ameleta jeshi la Argos kuuvamia mji wake mwenyewe wa Thebes, na yeye na ndugu yake Eteocles, aliyekuwa akiutetea, wameuana langoni. Creon, mjomba wao, ndiyo kwanza ameshika madaraka, naye anatangaza kwamba Eteocles azikwe kwa heshima zote na Polyneices aachwe juu ya ardhi aliwe na ndege na mbwa. Antigone, dada yao, anamfunika kaka yake kwa vumbi, anakamatwa, na mbele ya mjomba wake anasema yale yaliyomfanya akumbukwe: tangazo hilo halikutoka kwa Zeus, na amri ya mwanadamu haiwezi kuzitangua sheria za miungu zisizoandikwa, ambazo hakuna ajuaye zilianza lini. Mwanafalsafa Aristotle aliyachukua maneno hayo kuwa mfano wa haki iliyo juu ya sheria za miji, na tangu hapo upande wa Antigone haujawahi kukosa wakili.

Upande wa Creon ndio unaosomwa kwa haraka, kwa hiyo tuanze na sheria ambayo watu wa Athens wenyewe waliishi nayo. Mwanahistoria Xenophon, akisimulia mashtaka ya mwaka 406 K.K. dhidi ya majemadari wa vita vya Arginusae, anamwonyesha msemaji mmoja akiikumbusha hadhara sheria ya mji: anayeisaliti Athens au kuiba mali ya hekalu ahukumiwe mahakamani, na akipatikana na hatia asizikwe katika ardhi ya Attica, yaani nchi ya Athens, na mali yake itaifishwe. Sheria hiyo ilifanya kazi. Mwanahistoria Thucydides anaeleza kwamba Themistocles, shujaa wa vita vya majini vya Salamis aliyekufa uhamishoni akituhumiwa uhaini, hakuweza kuzikwa kwao kihalali, na jamaa zake walidai kuwa mifupa yake ilirudishwa kwa siri. Miaka 30 hivi baada ya tanzia hii kuchezwa, mwanasiasa wa Athens aitwaye Phrynichus alihukumiwa kwa uhaini akiwa tayari kaburini. Mifupa yake ilifukuliwa na kutupwa nje ya mipaka. Aliyetazama mchezo huu akiwa na sheria za kwao kichwani hakuona mbele yake mfalme aliyepagawa.

Ushahidi mwingine hautajwi inavyostahili. Mwaka 343 K.K., takriban karne moja baada ya mchezo, msemaji mashuhuri Demosthenes alimshtaki mwanasiasa mwenzake Aeschines kwamba aliuza maslahi ya mji akiwa balozi kwa mfalme Philip wa Makedonia. Aeschines alikuwa amewahi kuwa mwigizaji, na kwa maneno ya Demosthenes alikuwa ameicheza nafasi ya Creon mara nyingi. Demosthenes akaamuru hotuba ya Creon isomwe mbele ya mahakama: moyo wa mtu haujulikani mpaka aonekane akitawala, anayemweka rafiki juu ya nchi yake si kitu, mji ndiyo merikebu inayotubeba sote, na ni pale tu inapokwenda sawasawa ndipo tunapopata marafiki wa kweli. Kisha akamsuta mshtakiwa kwa kuyasahau maneno aliyoyatamka jukwaani. Hakuna mwendesha mashtaka anayetaka kushinda kesi ambaye angeyatafuta maadili ya uraia katika kinywa cha mtu ambaye mahakama nzima inamwona dhalimu tangu sentensi ya kwanza. Nelson Mandela, aliyeicheza nafasi hiyohiyo akiwa mfungwa Robben Island, aliandika baadaye kwamba mwanzoni Creon ni mkweli na mzalendo, ingawa kwake yeye na wenzake aliyewakilisha mapambano yao alikuwa Antigone.

Wala Creon hadai kwamba dola iko juu ya miungu. Wazee wa Thebes wanapodokeza kuwa huenda vumbi lililokutwa juu ya maiti lilimwagwa na miungu, anawajibu kwa hasira: tangu lini miungu ikamheshimu mtu aliyekuja kuyachoma mahekalu yake? Swali hilo lina uzito, na wazee hawalijibu. Kwa hiyo Creon na Antigone wote wawili wanaitaja mbingu, kila mmoja akijua kipande chake. Tena Polyneices ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Anayeagiza maiti hiyo iachwe ni mjomba mtu, ambaye kwa udugu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupaswa kuizika.

Basi alikosea wapi? Nairudia sheria ya Athens, kwa sababu ndani yake kuna vipengele viwili ambavyo tangazo la Creon halina. Cha kwanza ni mahakama. Athens ilimnyima mhaini kaburi baada ya hukumu. Creon alimnyima kwa kauli yake peke yake, na mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, anamwambia waziwazi kwamba mji wa mtu mmoja si mji, na kwamba gizani watu wanamsikitikia binti huyo. Cha pili, ambacho mimi nakiona ndicho kiini, ni mpaka. Athens ilisema: si katika udongo wetu. Ng'ambo ya mpaka jamaa waliweza kuzika, kulia na kumwaga tambiko zao, na dola haikuwa na neno. Creon hakumnyima Polyneices udongo wa Thebes pekee. Alimnyima udongo wote, kisha akaweka walinzi. Tunawaona wakilipangusa vumbi na kukaa upande ambao upepo hauwaletei harufu. Sheria iliyoanza kama ulinzi wa mji imewageuza askari wake walinzi wa uvundo.

Tiresias, mbashiri kipofu, anapokuja hamwambii Creon kwamba miungu inawapenda wahaini. Anamwambia kwamba ndege na mbwa wanaibeba nyama ya maiti hadi kwenye madhabahu za mji, na kafara hazipokelewi. Anaongeza kwamba Creon amemweka kaburini aliye hai, yaani Antigone aliyehukumiwa kufungiwa pangoni, na kumzuia juu ya ardhi maiti aliye wa miungu ya chini, jambo ambalo si la mamlaka yake, wala hata la miungu ya juu. Shtaka hilo linahusu eneo la madaraka. Mfalme angeweza kumtupa Polyneices nje ya nchi na bado akabaki ndani ya haki yake.

Antigone naye ana doa ambalo wapenzi wake hulipita haraka. Akipelekwa pangoni anasema kwamba asingeivunja amri hiyo kwa ajili ya mume wala mtoto, kwa kuwa hao hupatikana wengine, ila kwa kaka tu, kwa sababu wazazi wamekwisha kufa. Goethe, mshairi wa Ujerumani, mwaka 1827 alitamani mtaalamu athibitishe kwamba mistari hiyo si ya Sophocles. Aristotle, hata hivyo, aliinukuu bila wasiwasi. Mimi naiamini, na naona inaipunguza ile sheria ya milele kuwa haki ya damu moja. Hilo halimfanyi Antigone kuwa na kosa, lakini linamweka karibu na mjomba wake kuliko tunavyopenda.

Kisha Creon anarudi nyuma, jambo ambalo wadhalimu wa kweli hawalifanyi kwa urahisi. Wazee wanamshauri amtoe binti pangoni kwanza, ndipo amzike Polyneices. Yeye anaanza na maiti. Mjumbe anatoa taarifa kwamba waliyaosha mabaki, wakayachoma kwa matawi mabichi, wakainua tuta refu la udongo wa kwao, ule udongo wa nyumbani ambao sheria ya Athens isingempa mhaini. Ibada hiyo ilichukua muda, na walipofika pangoni Antigone alikuwa amejinyonga. Haemon alijiua kando yake, na habari ilipofika nyumbani mama yake naye akajiua. Wanaosema Creon aliangamizwa kwa kuidharau sheria ya miungu wana hoja, ila wanapaswa pia kueleza saa hiyo ya mwisho, ambamo aliitimiza sheria hiyo kikamilifu kwa maiti huku binti aliye hai akisubiri.