Mtu hasahihishwi, husahihishwa kazi

Mpwa wangu yuko Malindi kwa likizo, na jana nilisoma asaimenti yake nikapandwa na hasira. Mhadhiri aliwaambia wasahihishiane wenyewe kwa wenyewe. Kazi inahusu matope ya Mto Sabaki, yale yanayogeuza bahari yetu rangi ya chai ya maziwa mvua za bara zikikolea. Juu ya ukurasa wa kwanza mwenzake ameandika kwa wino mwekundu: “Hii ni kazi ya sekondari. Chuo ulifikaje?” Basi. Hakuna aya iliyoguswa.

“Mjomba, nafikiria kubadilisha kozi,” akaniambia.

Kuna watakaosema vijana wa leo ni laini. Sikubali hata kidogo. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu 1977 kwamba imani ya mtu kuwa ataliweza jambo hutokana na mambo manne: kufaulu kwake mwenyewe, kuona walio kama yeye wakifaulu, maneno anayoambiwa, na hali ya mwili na moyo wake. Maneno, alisema, hubomoa kwa urahisi kuliko yanavyojenga. Sasa mwanafunzi mwenzako ndiye unayejipima naye, na papo hapo ndiye anayekusemesha. Mhadhiri akikukosoa utajiambia ndiyo kazi yake. Mtu mnayelala naye hosteli moja na kukopeshana noti za darasani akisema hufai, utamwamini, maana anakujua.

Na mrejesho, yaani maoni mtu anayopewa kuhusu kazi yake, si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walijumlisha tafiti nyingi wakakuta kwamba kwa wastani unasaidia, lakini katika zaidi ya thuluthi moja ya matokeo waliyoyapima, watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuupata. Kadiri mrejesho unavyomgeuza mtu ajifikirie nafsi yake badala ya kazi iliyo mbele yake, ndivyo unavyopungua nguvu.

Ukurasa wa tatu kuna maoni mengine, ya mwenzake mwingine, kwa penseli: “Umesema udongo watoka bara. Wapi? Mto huu juu ni Galana, na juu zaidi ni Athi. Fuata huko.” Hayo ndiyo makali kweli, maana yameonyesha shimo katika hoja yake. Lakini usiku uleule mpwa wangu aliketi akaandika upya aya nzima, akaufuata udongo mpaka miteremko ya Ukambani, na akaniita nimsikilize akiisoma.

Haya, nakubali shingo upande kwamba sifa za bure nazo hazijengi. “Iko poa, dada” haikumfunza mtu kitu.

Ninachowaomba wahadhiri ni saa moja tu. Kabla ya kuwagawia wanafunzi karatasi za wenzao, wapeni ya zamani isiyo na jina, wajifunze pamoja kuisoma na kuikosoa mstari kwa mstari. Kisha maoni yenyewe yatiwe alama kama kazi nyingine yoyote, na maoni yasiyotaja sehemu yoyote ya karatasi yapate sufuri.